Kilo 22 tangu nianze TLD, na sasa naambiwa ni tezi ya shingo

Fundi wa Moro

Wapendwa, wakubwa shikamooni, rika langu habari zenu. Naomba mnisome mpaka chini, nimejaribu kufupisha nimeshindwa.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke, miaka 46, nipo Morogoro mjini. Naishi na VVU tangu 2008. Nina daftari la vipimo vya wateja, kila mteja na ukurasa wake: kifua, kiuno, nyonga, bega, mkono. Ukurasa wa mwisho, ule unaogusana na jalada, ni wangu. Kila nikijishonea nguo najipima na kuandika tarehe, na uzito nilioukuta kliniki nauweka pembeni. Kwa hiyo nitakachoandika hapa sikisii.

Nilipoanza dawa nilikuwa na kilo 44, urefu sentimita 159, kiuno inchi 24. Dawa za wakati ule zilikuwa na stavudini ndani. Ziliniokoa, siwezi kuzitukana, ila zilinifyonza mafuta: mashavu yakaingia ndani, mishipa ya miguu ikatokeza kama uzi wa kudarizi. Mtaani watu walikuwa wanasoma mashavu kuliko wanavyosoma magazeti. Nikawa najishonea mikono mirefu na kuweka pedi mabegani ili nionekane nina mwili. Baadaye nikahamishiwa kidonge chenye efavirenzi. Waliokinywa wanazijua ndoto zake. Mimi nilikuwa naota nashona usiku kucha, naamka mgongo unauma kweli. Lakini mwili ulirudi taratibu. 2013 kilo 58. Novemba 2019 kilo 64, kiuno inchi 30, na gauni la mwezi ule ndilo lililonikaa kuliko yote niliyowahi kujishonea.

Desemba 2019 nikapewa TLD, kidonge kimoja chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Ndoto zikakoma, usingizi ukawa mtamu, virusi havionekani kwenye kipimo mpaka leo. Na mwili nao ukaanza safari yake. 2021 kilo 73. 2023 kilo 80. Mwezi uliopita 86, kiuno inchi 40. Lile gauni la 2019 nimelifumua ubavuni mara tatu, akiba ya kitambaa ikaisha, sasa nimelipachika kipande cha kitenge kingine na wateja wanadhani ni fasheni mpya.

Shida ni kwamba hakuna wa kumlilia. Kila mtu ananisifia. Umenawiri, shemeji anakulisha, maisha yamekukubali. Na mimi mwenyewe, niseme ukweli, kupungua kunanitisha. Mtu aliyewahi kuwa na mashavu yale akipungua kilo tano, mtaa wote unaanza kuhesabu. Lakini nikipanda kale kamlima ka kwenda kanisani nahema mpaka nasingizia nafunga kamba ya kiatu.

CTC, kliniki yetu ya VVU, nachukua dawa za miezi sita, kwa hiyo naonana nao mara mbili kwa mwaka: mzani, maswali, dawa, nyumbani. Mwezi uliopita nikaenda kwenye maabara ya binafsi nikalipia vipimo vya mwili mzima. Sukari 5.2 sijala kitu, figo nzima, presha 154/96 (nilikuwa nimekimbilia daladala), TSH (homoni inayoiamrisha tezi) 0.08 wakati kawaida yao ni 0.4 hadi 4.0, na T4 huru (homoni ya tezi yenyewe) 31 wakati kawaida ni 12 hadi 22. Nikaambiwa tezi ya shingo imeharibika, ndiyo inayoninenepesha, nianze kabimazoli, dawa ya kuituliza tezi, mara moja.

Nikaja kusoma: TSH ikishuka hivyo maana yake tezi inafanya kazi kupita kiasi, na mtu huwa anakonda! Mimi nimekonda wapi? Shingoni sina uvimbe. Marehemu bibi yangu wa Uluguru alikuwa na rovu kubwa kama embe, kwa hiyo mama naye ameingilia kati, anataka niongeze chumvi ya madini joto.

Kabimazoli nimenunua, sijaifungua. Je, ni tezi au ni TLD? Niombe kurudishwa kwenye efavirenzi? Aliyepitia anisaidie.

Kitambi Kwisha

Dada hiyo ni sumu mwilini. Nina dozi ya siku 14 ya mitishamba, kilo 8 zinaondoka bila mazoezi, nicheki PM, natuma mikoani.

Sista wa Zamu

Kitambi Kwisha, hapa umepotea njia. Baadhi ya hizo dozi za siku 14 zikipimwa hukutwa zimechanganywa na vya maabara: dawa za kuharisha, za kukojoa, wakati mwingine homoni ya tezi yenyewe, na sibutramini, dawa ambayo Ulaya na Marekani waliiondoa sokoni 2010 baada ya utafiti kuonyesha wagonjwa wa moyo waliokuwa wakiinywa walizidi kupata mshtuko wa moyo na kiharusi. Dada asije akapima tezi akiwa ameinywa.

Fundi, pole na hongera. Pole ya mahangaiko, hongera ya daftari. Nimefanya kazi CTC miaka 11 na sijapata mteja aliyekuja na rekodi za kiuno chake mwenyewe. Kabla sijasema lolote naomba unijibu matatu.

Kwanza, ukiacha TLD, kuna kidonge kingine chochote unameza? Namaanisha chochote. Vya nywele, vya damu, vya kifua, vya kanisani, unga wa kuchanganya na maji.

Pili, una dalili za tezi iliyopaa? Moyo kwenda mbio umekaa, mikono kutetemeka (fundi ungeijua, uzi usingeingia kwenye sindano), kuharisha, kuhisi joto wenzio wakiwa sawa.

Tatu, chukua tepu yako upime mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko. Inchi ngapi?

Fundi wa Moro

Sista asante kwa haraka.

Uzi unaingia mara ya kwanza, bila miwani. Moyo hauendi mbio. Joto ni la Morogoro tu.

Mkono wa juu inchi 14 na robo. Sikuelewa unahusiana na nini.

Vidonge: mdogo wangu yuko Dubai, kaniletea vya nywele na kucha, maana nywele za mbele zimekatika kwa kusuka. Nameza kimoja kila asubuhi tangu Januari. Nimesoma chupa: bayotini mikrogramu 10,000. Kuna na kingine cha kalsiamu na madini ya chuma nameza usiku pamoja na TLD ili nisisahau. Hivyo navyo ni dawa? Mimi nahesabu kama chakula.

Daktari wa Kijiweni

Basi kesi ya tezi imeshaanza kuyeyuka.

Dada, hiyo kabimazoli iache ilivyo. Ni dawa nzuri kwa anayeihitaji, lakini kwa wachache inaweza kuangusha chembe nyeupe za damu ghafla, na mtu anayeishi na VVU ndiye wa mwisho kuchezea chembe zake nyeupe kwa ugonjwa ambao hana.

Mashine nyingi za kupimia homoni hutumia bayotini kama gundi. Zimejengwa juu ya protini moja inayoishika bayotini kwa nguvu isiyo ya kawaida, na kipimo kizima kinategemea mshikamano huo. Ukija na damu iliyojaa bayotini ya chupa, inawahi kukaa kwenye nafasi ya gundi. Kipimo cha TSH kinasoma chini. Cha T4 huru, kwa kuwa kimeundwa kinyumenyume, kinasoma juu. Vikikaa pamoja kwenye karatasi moja vinachora picha kamili ya tezi iliyopaa, kwa mtu ambaye tezi yake imetulia kama maji ya mtungi. Mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 30 za bayotini kwa siku. Wewe unameza 10,000.

Jambo hili limeandikwa sana. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo 2017 na kulirudia 2019, na lililowatisha zaidi lilikuwa kipimo cha troponini, kile cha kuangalia kama moyo umepata mshtuko. Bayotini inaweza kukishusha, mgonjwa akaambiwa moyo mzima kumbe sivyo. Kwa hiyo hata siku ukienda na maumivu ya kifua, vidonge vya nywele vitaje.

Acha bayotini siku tatu nzima, kwa dozi yako mimi ningesema wiki, kisha rudia TSH na T4. Usiache kurudia. Watu wanaotumia ARV wapo wanaopata tezi iliyopaa kweli, mara nyingi mwaka mmoja hadi mitatu baada ya kuanza dawa, pale kinga inapoamka na kuishambulia tezi. Wewe una miaka 17 kwenye dawa, sitegemei, lakini kipimo safi ni shilingi chache kuliko wasiwasi.

Na hata majibu yangekuwa kinyume, yaani tezi imelegea, bado nisingeitupia kilo 22. Tezi iliyolegea yenyewe humwongezea mtu kama kilo 2 hadi 5, na sehemu kubwa ni maji na chumvi. Watu wanaipenda tezi kwa sababu inamtoa mtu lawamani. Unene wenyewe unaweza kuisukuma TSH juu kidogo, ukipungua nayo inashuka, na katikati hapo watu wanaandikiwa vidonge vya tezi bila sababu. Kuna utafiti wa Ulaya uliotoka 2017, wazee 737 wenye tezi iliyolegea kidogo tu. Nusu walipewa homoni, nusu kidonge kitupu. Uchovu na dalili nyingine zilikuwa sawasawa pande zote mbili.

Mzee wa Same

Binti, mimi nina ushuhuda wa tezi ya kweli, ili usije ukadharau.

2014 niliugua TB sugu, nikiwa pia na VVU. Dawa zake zile za zamani, karibu miaka miwili, sindano kila siku miezi ya mwanzo, na ndani yake kulikuwa na ethionamidi. Mwezi wa saba wa dozi nikaanza kuvimba uso. Nililala na blanketi mbili Dar es Salaam mwezi wa Januari. Mke wangu alidhani nimekata tamaa, maana nilikuwa naongea kama santuri iliyoisha betri. TSH ilikuwa 48. Daktari akaniambia ethionamidi ndiyo inayoifunga tezi mkono, akanipa levothairoksini, homoni ya tezi ya kidonge, asubuhi tumbo tupu, chai baada ya saa moja. Wiki ya sita nikafukuza blanketi. Nilipomaliza dawa za TB tezi ikarudi yenyewe, nikaacha.

Uzito niliouongeza wote ule ulikuwa kilo 4. Kwa hiyo daktari hajakosea.

Mzalendo Halisi

Mnazunguka. Dada kauliza TLD. Hii dawa ilipingwa huko kwao, wakatuletea sisi. Tunafanywa panya. Kwa nini hakuna aliyetuambia tunanenepa?

Daktari wa Kijiweni

Mzalendo, swali lako la mwisho ni zuri, la kwanza halina miguu. Dolutegraviri imepitishwa Marekani tangu 2013, na huko wanaitumia mpaka leo.

Aliyetuambia kwamba tunanenepa ni sisi wenyewe Waafrika. Tafiti za mwanzo za Ulaya na Marekani zilikuwa zimejaa wanaume weupe, na kilo hazikuonekana vizuri. Ulipofanyika ule wa Johannesburg ulioitwa ADVANCE, ulioanza 2017 na watu 1,053, wengi wao wanawake weusi, ndipo mzani ukazungumza. Baada ya wiki 96, waliokuwa kwenye mchanganyiko kama TLD yetu waliongezeka wastani wa kilo 4.3. Waliokuwa kwenye efavirenzi, kilo 2.3. Wa kundi la tatu, wenye dolutegraviri na aina mpya ya tenofoviri ambayo sisi hatuipewi ndani ya TLD, kilo 7.1. Wanawake waliongezeka kuliko wanaume. Yaoundé nako, Kameruni, utafiti wa watu 613 ulikuta mwelekeo uleule: kilo 5 kwa 3 ndani ya wiki 48.

Halafu ikaja sehemu iliyonifurahisha mimi binafsi. Watafiti wa Afrika Kusini wakaangalia vinasaba vinavyoamua mtu anaivunja efavirenzi kwa kasi gani. Wanaoivunja haraka, wasiobaki na nyingi mwilini, waliongezeka uzito karibu sawa na watu wa dolutegraviri. Wanaoivunja taratibu ndio hawakuongezeka. Maana yake sehemu ya tofauti ile ni efavirenzi kumzuia mtu asinenepe, kwa kumsumbua. Dada, zile ndoto za kushona usiku kucha zinanifanya nidhani ulikuwa mmoja wa hao wa taratibu. Breki ilipotolewa, gari likashuka mlima.

Kwa hiyo jibu la swali lako: TLD ina mkono wake. Kilo 22 zote si zake. Kuna umri, kuna kukaa, kuna wali wa jioni. Na kurudi efavirenzi sikushauri hata kidogo. Virusi vyako vimelala, na kidonge unachokimeza kila siku bila kuruka ni mali.

Ila kile cha kalsiamu na chuma usikimeze tumbo tupu pamoja na TLD. Madini yanaikamata dolutegraviri tumboni isiingie mwilini. Ama uvimeze vyote viwili na chakula, ama TLD itangulie kwa muda wa saa 2, au ije baada ya kupita muda wa saa 6. Na mkipewa rifampisini ya TB semeni mnatumia TLD, kwa kuwa rifampisini huishusha, na kawaida huongezwa dolutegraviri miligramu 50 nyingine kila siku, saa 12 baada ya ile ya kwanza.

Sista wa Zamu

Mmeongea vizuri wote, ila namba iliyonikalisha sawa kwenye kiti hakuna aliyeigusa. Dada ameiandika kwenye mabano, na udhuru wa daladala juu yake. 154/96.

Fundi, mkono wako inchi 14 na robo ni sentimita 36. Mkanda wa kawaida wa mashine ya presha ni wa mkono wa sentimita 22 hadi 32. Ukivalishwa mdogo unabana na kusoma juu kuliko ukweli. Watafiti wa Baltimore waliwapima watu 195 kwa mikanda ya saizi tofauti, wakatoa majibu 2023: anayehitaji mkubwa akipewa wa kawaida, presha inazidi karibu alama 5, anayehitaji mkubwa kabisa, karibu alama 20. Wewe unajua habari hii kuliko mimi, ni kumpa mtu wa saizi 18 blauzi ya 14 halafu umlaumu kwa kujaa.

Hivyo huenda yako ni 149, na daladala ikitolewa huenda ni chini zaidi. Hatujui mpaka ipimwe kwa haki: mkanda mkubwa, umekaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini haijakunjana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, hujaongea. Mara mbili kila siku, siku tatu tofauti. Mwambie mhudumu akupimie mkono kwanza, na akikosa mkanda mkubwa nenda kituo kingine.

Kwa nini nang'ang'ana? Mwenye VVU, hata virusi vikiwa vimelala, ana hatari ya ugonjwa wa moyo na mishipa karibu mara mbili ya asiye navyo. Uvimbe wa ndani kwa ndani, kinga ikipambana na virusi, hauishi kabisa, na zile dawa zetu za zamani nazo ziliacha alama. Chati za Shirika la Afya Duniani za 2019 za kukadiria hatari hiyo, zile za rangi za ukanda wetu ambazo ukikosa maabara unatumia umri, sigara, presha na uzito kwa urefu, haziulizi VVU. Mtu anaweza kukaa kwenye rangi ya kijani akiwa na kitu ambacho chati haijakiona. Mimi wateja niliowazika miaka hii ya karibuni, wawili walikuwa na virusi visivyoonekana na kiharusi kilichoonekana.

Kaka Mstari wa Pili

Sista umenigusa. Ni kweli kuna dawa ya mafuta ya damu sisi tunatakiwa kunywa hata kama kolesteroli iko sawa? Mimi niko mstari wa pili wa ARV, natumia atazanaviri. Duka la dawa waliniuzia simvastatini, dada wa zamu ya jioni akaninyang'anya mlangoni alipoona kadi yangu. Alinirudishia hela.

Daktari wa Kijiweni

Huyo dada mnunulie soda. Simvastatini na atazanaviri havikai nyumba moja: kiasi cha statini, hiyo dawa ya mafuta, kinapaa kwenye damu na misuli inaweza kuanza kuoza, figo zikafuata. Kwa Fundi aliye kwenye TLD mgongano huo haupo.

Unachokisikia ni utafiti wa REPRIEVE. Watu 7,769 wenye VVU, miaka 40 hadi 75, nchi 12, Uganda ikiwemo, watu ambao kwa chati za kawaida hawakuwa na hatari kubwa. Nusu wakapewa pitavastatini, statini nyingine, miligramu 4. Ulisimamishwa mapema 2023 kwa kuwa matukio makubwa ya moyo na mishipa yalipungua kwa asilimia 35. Kwa hiyo ni jambo la kumuuliza daktari wako, mkiwa mmeweka orodha ya dawa zako mezani.

Mzalendo Halisi

Sawa daktari. Ila mimi bado nasema tungeambiwa.

Fundi wa Moro

Kaka Mzalendo, hapo niko na wewe, tungeambiwa. Lakini neno panya mimi silitumii. 2008 nilikuwa na kilo 44 na nilikuwa nimeshamwonyesha dada yangu kanga za kunifunikia.

Sista nimekusikia. Nimeacha vya nywele leo. Nitarudi.

Fundi wa Moro

(wiki saba baadaye)

Nimerudi, samahanini, ilikuwa msimu wa harusi.

Tezi: nilikaa siku nane bila bayotini, nikarudi maabara ileile makusudi. TSH 1.9. T4 huru 15. Yule kijana wa maabara aliangalia karatasi mbili mara tatu. Nikamwonyesha chupa, akaipiga picha. Kabimazoli nimeirudisha dukani, wamekataa kurudisha pesa, wameipokea tu.

Presha ndiyo iliyonikamata. Kituo cha kwanza hawakuwa na mkanda mkubwa, cha pili wanao ila ulikuwa kabatini umefungwa na funguo kaondoka nayo mtu. Nilisubiri. Siku ya kwanza 148/94. Ya pili 146/92, ya tatu 150/94. Daladala haimo. Daktari ameniandikia amlodipini miligramu 5, na kunipimia mafuta ya damu na mkojo. Nilimuuliza habari ya statini kama mlivyonielekeza, akasema kwanza tushushe presha, nikirudi na majibu ya mafuta tutalizungumza. Miguu ilivimba kidogo wiki ya pili, viatu vya kanisani vikakataa, sasa afadhali.

Mama na chumvi yake tumesuluhishana. Daktari alimwambia mbele yangu pakiti ni ileile yenye madini joto, inayopunguzwa ni mikono ya mpishi. Sasa naitia mwishoni sufuria ikiepuliwa, na vile vidonge vya kiungo cha mchuzi vimehama nyumba. Mama anakula kwa huzuni.

CTC nimewaomba presha yangu iandikwe kwenye kadi kila nikienda kuchukua dawa. Muuguzi akasema kuna sehemu wameshaanza kuunganisha, VVU, sukari na presha dirisha moja.

Sista wa Zamu

Ni kweli, na mpango huo ulijaribiwa hapahapa kwetu. Vituo 32, Dar es Salaam na Kampala, majibu yalitoka 2023. Hofu ilikuwa kwamba kuwachanganya wateja kutaharibu udhibiti wa virusi. Haukuharibika. Na mwenye VVU akakaa benchi moja na mwenye sukari, hakuna wa kusoma mashavu ya mwenzake.

Uzito je?

Fundi wa Moro

Uzito 84 na nusu. Nimerudi kwenye cherehani la kukanyaga kwa kazi za asubuhi, lile la umeme nalitumia mchana tu. Kanisani naenda kwa mguu mpaka kwenye kamlima, nasimama mara moja, sisingizii kiatu tena. Mtaani ameniuliza mmoja tu kama ninaumwa. Nikamwambia presha. Alitulia kabisa, kumbe presha ni ugonjwa wa heshima.

Daftari, ukurasa wangu, Jumamosi iliyopita: 134/84, mkanda mkubwa, mkono wa kushoto. Kiuno inchi 39. Nimekata gauni la harusi ya mdogo wangu anayerudi kutoka Dubai, nimeacha akiba ya inchi mbili kila ubavu, kwa vyovyote itakavyokuwa.

Kaka Mstari wa Pili

Dada hongera sana. Hizo suti za kitenge za kiume unashona? Niko Msamvu.

Fundi wa Moro

Nashona. Njoo PM, ila kiuno nakupima mwenyewe, siandiki cha kuambiwa.